Betri mpya si tiba ya gari linalonyonya chaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu wenye magari fedha nyingi pasipo sababu, na ambalo sisi mafundi wa umeme wa magari tuna uwezo wa kulipunguza sana. Gari huegeshwa jioni likiwa halina tatizo lolote. Asubuhi, au baada ya siku mbili tatu bila kuguswa, ufunguo unapozungushwa stata hugonga tu bila kuzungusha injini, taa za dashibodi hufifia, na milango haiitikii rimoti. Mwenye gari huazima waya, hushtua injini kwa betri ya gari la mwenzake na kwenda gereji, ambako huambiwa, hata kabla boneti haijafunguliwa vizuri, kwamba betri imekufa na anunue nyingine. Hununua. Baada ya wiki chache hali hurudi ile ile, na safari hii huambiwa kwamba betri aliyouziwa ilikuwa mbovu.

Ninachotaka kusema ni kwamba betri inayoishiwa chaji wakati gari limeegeshwa haipaswi kubadilishwa mpaka mtu apime, kwa mita, ni umeme kiasi gani unaotoka ndani yake baada ya kila kitu kuzimwa. Mita yenyewe ni ya kawaida, ile ile ambayo fundi yeyote wa umeme anayo katika sanduku lake. Kinachokosekana mara nyingi ni subira ya kuitumia inavyostahili, na pia ufahamu wa kiasi gani cha umeme ni halali gari kukitumia likiwa limezimwa.

Maana hakuna gari la kisasa linalozimika kabisa. Saa inaendelea kutembea, alamu inalinda, kipokezi cha rimoti kinasubiri ishara, na kompyuta ya injini pamoja na redio zinatunza kumbukumbu zao. Vyote hivyo kwa pamoja, katika gari zima, kwa kawaida hutumia kati ya miliampea 20 na 50 (miliampea 1,000 ni ampea moja). Tuchukue miliampea 50: kwa siku nzima hiyo ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 60 itachukua takriban siku 25 kabla haijapoteza nusu ya chaji yake. Sasa tuchukue balbu moja ndogo ya wati 5 iliyosahaulika ndani ya buti. Inavuta karibu ampea 0.4, yaani takriban ampea-saa 10 kwa siku, na betri ile ile itakuwa imefika nusu kwa siku tatu. Tukiongeza kwamba betri nyingi zilizo barabarani hazijajaa na si mpya, mtu hahitaji kutafuta maelezo mengine ya kwa nini gari lililoegeshwa Ijumaa halikuwaka Jumatatu.

Sisemi kwamba betri haifi. Hufa, na ndiyo maana inapaswa kuchunguzwa kwanza, ila kwa kipimo. Ichajiwe mpaka ijae, iachwe ipumzike saa kadhaa, kisha ipimwe volti: betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya 12 ni betri tupu. Kuipima mara tu baada ya injini kuzimwa ni kujidanganya, kwa sababu chaji iliyobaki juu ya bamba za risasi zilizo ndani ya betri huonyesha volti nyingi kuliko zilizopo kweli. Baada ya hapo waya wake hasi ufunguliwe kutoka kwenye betri na betri iachwe usiku kucha. Ikiwa volti zimeshuka sana ilhali hakuna kitu chochote kilichounganishwa nayo, basi betri yenyewe ndiyo yenye kasoro, na mwenye gari anunue nyingine kwa moyo mkunjufu. Ikiwa volti zimebaki palepale, lakini zikishuka kila inapolala ikiwa imeunganishwa na gari, anayenyonya yumo ndani ya gari na hakuna betri itakayomshinda.

Kumpata huyo anayenyonya kunaanza na kuingiza mita kwenye njia ya umeme, baina ya ncha hasi ya betri na waya wake mkubwa wa athi, ule unaokwenda kwenye bodi la gari, ili kila umeme unaotoka lazima upite ndani ya mita. Hapa ndipo mita nyingi huungulia, na naomba nieleweke vizuri. Waya mwekundu wa mita uhamishiwe kwenye tundu la ampea 10, na mita iwekwe kwenye ampea za umeme mnyoofu (DC). Mita ikiwa katika hali hiyo, ncha zake zisiguse kamwe chanya na hasi za betri kwa wakati mmoja, kwani hiyo ni shoti kamili. Injini isiwashwe, kwa kuwa stata huvuta mamia ya ampea. Anayeshughulika na betri avue pete na saa ya chuma, na asisababishe cheche karibu na betri iliyotoka kuchajiwa, maana betri hutoa gesi ya hidrojeni. Na katika magari yanayotumia umeme wa volti nyingi pamoja na injini, nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa zisiguswe na mtu ambaye hakufundishwa kuzihudumia. Betri ya volti 12 ya magari hayo hupimwa bila kuzikaribia.

Kosa linalofuata ndilo linaloharibu vipimo vingi kuliko yote: haraka. Fundi anafungua boneti, anaunganisha mita, anaona ampea tatu au nne, na papo hapo anatangaza kwamba gari lina shoti. Gari halina shoti, liko macho. Kompyuta zake ndogo ndogo, ambazo katika gari moja zinaweza kuwa kumi au zaidi ya hapo, huamka kila mlango unapofunguliwa, rimoti inapobonyezwa au betri inapounganishwa upya, na hulala moja baada ya nyingine. Baadhi ya magari hulala ndani ya dakika chache, mengine huchukua nusu saa, na yapo yanayokaribia saa nzima. Kwa hiyo mlango wa upande wa kisanduku cha fyuzi huachwa wazi huku kitasa chake kikisukumwa kwa bisibisi mpaka kijifunge, gari lidhani kwamba mlango umefungwa, na kufuli ya boneti hufanyiwa vivyo hivyo. Ikiwa ufunguo ni ule unaowasiliana na gari ukiwa mfukoni, upelekwe mbali, kwani ukikaa karibu gari halilali. Mita inapounganishwa, waya wa pembeni uwekwe sambamba nayo ili umeme usikatike hata nukta moja, na uondolewe tu mita ikishakaa vizuri kwenye njia yake. Kisha mtu akae asubiri. Namba kwenye kioo cha mita hushuka kwa vituo: ampea mbili, kisha 0.8, kisha 0.3, inakaa hapo kwa muda hata unadhani imemaliza, halafu ghafla inaanguka hadi 0.03. Aliyeondoka ilipokuwa 0.3 ameondoka na jibu la uongo.

Ikiwa gari limelala na mita bado inasoma, kwa mfano, miliampea 400, sasa ndipo msako unapoanza. Njia waliyofundishwa wengi wetu ni kung'oa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Fyuzi ambayo ikitolewa mkondo unaanguka ndiyo yenye mnyonyaji. Njia hiyo ni halali na katika magari ya zamani inatosha. Katika magari ya sasa ina hila: kurudisha fyuzi kunaweza kuamsha kompyuta iliyokuwa imelala, na unaanza kusubiri upya, au kinyume chake, kung'oa fyuzi kunaikatia umeme kompyuta iliyokuwa imekwama macho, na ikirudishiwa umeme inalala kama kawaida, tatizo limetoweka mbele ya macho yako na litarudi wiki ijayo gari likiwa kwa mwenyewe.

Kwa sababu hiyo napendelea, na ninawahimiza wenzangu wajifunze, kupima fyuzi zikiwa mahali pake. Fyuzi nyingi zina vidoa viwili vya chuma mgongoni kwa ajili ya kupimia. Mita huwekwa kwenye milivolti, ncha zake zinagusa vidoa hivyo viwili, na kama kuna mkondo unaopita ndani ya fyuzi hiyo, ukinzani mdogo wa waya wake utaacha tofauti ndogo ya volti. Fyuzi ndogo ya ampea 10 ina ukinzani wa takriban miliomu 7 hadi 8, kwa hiyo milivolti moja juu yake ina maana ya mkondo wa karibu miliampea 130. Fyuzi za ampea nyingi zaidi zina ukinzani mdogo zaidi, hivyo milivolti hiyo hiyo humaanisha mkondo mkubwa zaidi. Fundi hupita kisanduku kizima kwa dakika chache, hakuna kinachong'olewa wala kinachoamshwa, na fyuzi zisizo na mkondo husoma sifuri. Ile inayosoma kitu huandikwa, kisha mchoro wa umeme wa gari hilo hufunguliwa ili kujua inalisha vifaa gani, na vifaa hivyo huchomolewa kimoja kimoja.

Kuna wakati fyuzi zote husoma sifuri na umeme bado unatoka. Nililetewa gari la namna hiyo, betri yake ikiwa haijamaliza hata miezi miwili, na mwenyewe akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba anunue tena. Mita ilikuwa ikisoma karibu ampea moja baada ya gari kulala. Nilipokosa kitu kwenye fyuzi niliweka kiganja mgongoni mwa altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiunguruma: ilikuwa na uvuguvugu, ilhali injini ilikuwa baridi na haikuwa imewashwa tangu jana yake. Ndani ya altaneta mna diodi ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Zikianza kuvuja, umeme wa betri hurudi ndani ya altaneta usiku kucha na kuishia kuwa joto. Nilifungua kwanza ncha hasi ya betri, kwa kuwa waya mnene wa altaneta umeunganishwa na betri muda wote na spana ikigusa bodi la gari ni moto, nikaufungua waya huo, nikaufunika, nikaunganisha mita upya. Gari lilipolala, mkondo ulikuwa umeshuka hadi miliampea ishirini na kitu. Gari lile halikuhitaji betri nyingine bali diodi za altaneta.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba waliolipima gari hilo kabla yangu hawakukosea katika kile walichokipima. Injini ikiunguruma, altaneta ilikuwa ikitoa volti 14 na ushei, ambazo ni sahihi, na kwa hiyo waliipitisha kuwa ni nzima na lawama ikabaki kwa betri. Altaneta inaweza kuchaji vizuri mchana na kunyonya usiku. Anayetaka kuishuku mapema aweke mita kwenye volti za umeme wa mawimbi (AC), apime kwenye ncha za betri huku injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Ikisoma zaidi ya nusu volti, diodi zichunguzwe.

Kwa upande wa wanyonyaji wa kawaida, orodha ni ndefu lakini wengi wao si wa ajabu. Taa ya buti na ya kisanduku cha mbele ya abiria zinaongoza, na mwenye gari anaweza kuzikagua mwenyewe kwa kuweka simu ndani ikirekodi video, kufunga kifuniko, kisha kutazama kama palikuwa giza. Swichi ya pedali ya breki ina kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachoisukuma. Kikipukutika kwa uzee, taa za breki hubaki zinawaka, na balbu mbili za wati 21 huimaliza betri kwa usiku mmoja. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, huganda ikiwa imeunganisha umeme. Maji huingia kwenye kompyuta ya milango kupitia mpira uliochakaa na kuifanya isilale.

Hata hivyo nisipotaja vifaa vinavyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani nitakuwa sijasema kweli yote, kwa kuwa hapo sisi mafundi tunajitengenezea kazi. Redio nyingi zinazofungwa baadaye zina waya wa njano unaopaswa kupata umeme wakati wote kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu unaopaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Fundi asiyetaka kutafuta umeme wa ufunguo huzisokota nyaya hizo mbili pamoja, redio inafanya kazi, mteja anafurahi, na tangu siku hiyo redio haizimiki kabisa. Alamu za ziada, vifaa vya kufuatilia gari, kamera za dashibodi na vikuza sauti hufungwa kwa mtindo huo huo, vikichukua umeme popote waya ulipokuwa karibu, mara nyingine bila fyuzi. Swali la kwanza ninalomuuliza kila anayeniletea gari linaloishiwa chaji ni nini kilifungwa ndani yake kabla tatizo halijaanza, na ningeshauri kila mwenye gari ajiulize swali hilo kabla ya kutoka nyumbani.

Wapo wanaoshauriwa kufungua ncha ya betri kila jioni na kuifunga kila asubuhi. Kwa gari litakalokaa miezi bila kutumika ushauri huo unafaa, ingawa chaja ndogo ya kudumisha chaji inafaa zaidi. Kwa gari la kila siku mimi siukubali. Kibanio hulegea, kompyuta hupoteza yale zilizojifunza, alamu haifanyi kazi usiku, na kasoro yenyewe, ambayo pengine ni waya unaopata moto mahali pasipoonekana, inaachwa iendelee.

Madhara ya kuchelewa hayaishii kwenye usumbufu wa asubuhi. Betri ya risasi na asidi, tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza mwaka 1859, hufanya kazi kwa namna ile ile: inapotoa umeme, bamba zake hufunikwa na salfeti ya risasi, na inapochajiwa salfeti hiyo huyeyuka. Ikiachwa tupu kwa siku nyingi, salfeti hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena kwa urahisi. Betri ya kuwashia injini ina bamba nyembamba, zilizoundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Kila inapomalizwa chaji kabisa hupoteza sehemu ya uwezo wake ambayo hairudi. Ndivyo betri mpya inavyokuwa mbovu kweli ndani ya miezi michache, na aliyeiuza akalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Na betri iliyotupwa haiishi pale ilipotupwa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na kwamba kuyeyusha betri kuukuu bila tahadhari ni miongoni mwa njia kubwa zinazowafikishia watu risasi, watoto wakiwa wa kwanza kuumia. Kila betri inayobadilishwa kabla ya wakati wake inaongeza mzigo huo.

Najua kwa nini kipimo hiki kinarukwa. Kinachukua saa moja au mbili ambazo sehemu kubwa yake fundi amekaa akitazama mita, na mteja anayemwona fundi amekaa huona kwamba hakuna kazi inayofanyika. Betri mpya inashikika, inabebwa, na mtu hulipa bila kunung'unika. Nawaomba wenye magari wakubali kulipia muda wa uchunguzi hata pale ambapo hakuna kifaa kilichonunuliwa, na wenzangu mafundi wawaambie wateja tangu mwanzo kwamba gari litabaki gereji na kwa nini.

Ninachopendekeza ni kwamba risiti ya kazi yoyote inayohusu betri iandikwe namba tatu: volti za betri ikiwa imepumzika, volti injini ikiunguruma, na miliampea zinazotoka gari likiwa limelala, pamoja na muda ambao fundi alisubiri kabla ya kusoma. Wauzaji wa betri wanaopokea betri zilizorudishwa na wateja waombe namba hizo kabla ya kukubali au kukataa kubadilisha, na walimu wa vyuo vya ufundi wauingize upimaji huu katika mitihani ya vitendo, gari likiwa zima lenye kasoro iliyofichwa, si ubao wenye balbu na betri. Na kama gazeti lako lina nafasi katika kurasa zake za ufundi, Mhariri, niko tayari kuandika kwa mapana zaidi, hatua kwa hatua na kwa michoro, namna ya kupima milivolti juu ya fyuzi, kwa kuwa hilo ndilo somo ambalo vijana wanaojifunza kazi hii huniuliza zaidi ya yote.

Wako katika ujenzi wa taaluma,

Fundi wa umeme wa magari